Naomba ushauri: shangazi hataki msaada, na dalali anazunguka shamba lake

Habari zenu ndugu. Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, ana miaka 81 na anaishi peke yake Kilifi. Hakujaaliwa watoto, sisi watoto wa kaka yake ndio wanawe. Tangu mwaka jana anasahau mno: mara mbili ameacha gesi ikivuja, na dawa za presha anaapa ameshameza ilhali vidonge viko palepale. Msichana wa kazi tuliyempelekea alimfukuza siku ya tatu, eti mwizi. Ukimtajia hospitali, "Mnataka kunizika nikiwa hai."

Sasa kuna dalali anayemjia na makaratasi ya shamba. Wakili ametushauri twende Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248, jamaa wa karibu ateuliwe kusimamia mali yake. Msimamizi naye hawezi kuuza ardhi bila idhini ya mahakama, na hilo limenituliza kidogo. Lakini tunahitaji ripoti ya daktari, na mwenyewe hataki kumwona. Tena kuna siku anakukumbusha deni la 1994 hadi senti. Jaji akimkuta siku hiyo, sisi ndio tutaonekana wendawazimu.

Mliopitia haya, daktari mlimfikishaje kwa mzee? Na kuna njia ya kuzuia uuzaji kwenye ofisi ya ardhi kwanza, bila kumwita mgonjwa wa akili mbele za watu? Kakangu anataka tufungue kesi wiki hii. Mimi namwogopa shangazi kuliko jaji.