MJADALA: Shosho (nyanya) arekodiwe kwa simu, ama watoto wapelekwe ushago (kijijini) wamsikilize wenyewe?

Wazazi wenzangu, habari za jioni. Hii maneno imewaka kwa grupu ya darasa la binti yangu tangu Jumatatu na naona pale haitaisha vizuri, watu wawili wameshatoka grupu, kwa hivyo naileta hapa tuijadili na wengi. Binti yangu ako Gredi ya 4 hapa Umoja, Nairobi. Mwalimu alituma kazi, kila mtoto alete video ya dakika tatu ya babu ama nyanya akisimulia hadithi ya familia, iwekwe kwa grupu kabla ya Ijumaa. Basi hapo ndipo vita vilianza. Mama mmoja akasema huu ni uvivu, mtoto apelekwe ushago akae na shosho wake, simu hailei mtoto. Baba mwingine akamjibu dunia imebadilika, yeye amewanunulia wanawe tableti iko na ngano za Kiafrika, katuni safi na sauti nzuri, na watoto wanajua hadithi kumliko yeye, sasa kelele ya nini. Halafu kuna mzee mmoja anayelea wajukuu, huyu ndiye alinikosesha usingizi, aliandika mstari mmoja tu, kwamba mambo ya nyumbani kwake hayatarekodiwa na mtu.

Msimamo wangu niuseme mapema ndio mjue mnapinga nini. Mimi nasema simu itumike, tena sana, lakini anayeuliza awe mtoto, anayejibu awe mzee wake mwenyewe kwa lugha yake, na rekodi ibaki nyumbani. Nimefika hapo kwa kukosea kwanza, niwaeleze.

Sisi kwetu ni Kangundo, Ukambani. Jumamosi nilienda kumrekodi mama kwa hiyo kazi ya shule. Kusikia ni ya shule akaingia ndani akavaa nguo ya kanisa, akafunga kitambaa kipya, akakaa kwa kiti ameweka mikono kwa magoti kama mtu anapigwa picha ya kitambulisho, halafu akaanza kuongea Kiswahili cha taarifa ya habari. Dakika tatu zikaisha amesema babu yangu alitembea hadi Nairobi wakati wa mkoloni kudai ng'ombe, na watoto wasome kwa bidii. Nikatuma, mwalimu akaweka tiki. Binti yangu aliiangalia mara moja akarudi kwa katuni zake na siwezi kumlaumu, hata mimi mwenyewe sikuirudia.

Kwa wale hawajui hiyo safari, mwaka 1938 serikali ya mkoloni ilianza kuwapunguza Wakamba mifugo kwa nguvu, ati ng'ombe wamezidi na udongo unamomonyoka, ng'ombe wakawa wanakamatwa wanauzwa bei ya kutupa. Watu wakaungana nyuma ya Muindi Mbingu, maelfu wakashuka hadi Nairobi, wanaume kwa wanawake, wakapiga kambi wiki kadhaa wakitaka gavana awasikilize. Muindi alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu, lakini serikali ikaachana na hiyo kazi ya kunyang'anya watu ng'ombe. Ndio maana kuna Muindi Mbingu Street pale tauni, ile ya City Market. Sasa hii yote mtoto anaipata kwa intaneti dakika mbili, na tableti ya yule baba inaweza kumwekea hadi picha. Sina ubishi hapo.

Jumanne jioni tuko kwa matatu Kangundo Road, jamu haisongi, binti yangu akaniuliza, "Baba, hii ndio barabara babu yako alipitia na viatu gani?" Nikakosa jibu. Nikamwambia tukifika tutampigia susu (yeye anasema shosho kama watoto wote wa Nairobi, kwetu ni susu). Mama yangu ako na kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo, mambo ya WhatsApp hana, kwa hivyo nilipiga na simu yangu nikaweka spika juu ya meza, simu ya mke wangu kando inarekodi sauti. Nilimwambia mama tunarekodi, akasema sawa, baada ya dakika mbili alikuwa amesahau.

"Shosho, alivaa viatu gani akienda Nairobi?"

Mama akanyamaza kidogo, halafu akaacha Kiswahili akaingia Kikamba chake. Hakuvaa. Alivibeba mkononi. Vilikuwa ndara za ngozi, jozi moja, na ni mwendo wa kilomita kama 60, angefika vimeisha, na hakutaka kusimama mbele ya gavana miguu mitupu. Alivivaa walipokaribia mji. Mimi nina miaka 41 na nimesikia hiyo hadithi ya kutembea tangu niko mtoto, viatu sijawahi kusikia, kwa sababu sikuwahi kuuliza. Binti akaendelea, ng'ombe walikuwa wangapi, saba, walikuwa na majina, ndiyo. Na mama akaanza kuwataja mmoja mmoja. Wa tano akamsahau. Akasema ngoja, tukasikia sufuria inasongeshwa, akaongea mambo mengine kabisa ya mvua na jirani, halafu katikati ya hiyo stori jina likamrudia akalisema kwa sauti kubwa na binti yangu akapiga makofi.

Mama hakuwa amezaliwa 1938. Hayo majina alifundishwa na baba mkwe wake akiwa bibi harusi mgeni pale bomani, wakipukuchua mahindi. Maana yake yule mzee alinyang'anywa ng'ombe na miaka 35 baadaye bado alikuwa anawaita kwa majina. Jameni hiyo kitu huwezi kuipata kwa Google, wala kwa nyaraka za taifa pale Moi Avenue, ilikuwa kwa kichwa cha mama mmoja wa miaka 72 mwenye presha. Sasa iko pia kwa rekodi ya dakika 34, na binti yangu ameandika majina yote saba nyuma ya kitabu cha hesabu, bila zile alama za Kikamba juu ya i na u kwa sababu hajafundishwa na kibodi ya simu pia haimsaidii.

Sasa nijibu mmoja mmoja.

Mama wa ushago, uko sawa nusu. Kuna mambo simu haibebi, mtoto lazima ashike mchi atwange muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, hadi mkono uume ndio aelewe kwa nini susu anakula polepole. Lakini shule zinafungwa Aprili, Agosti na Desemba, na Desemba nauli inapanda hadi familia ya watu watano inaamua kubaki. Hapo katikati mtoto anyamaze na shosho wake miezi minne? Na kuna wenye hawana ushago wa kurudi. Wanubi wa Kibera kwao ni hapa hapa Kibera tangu zamani za mkoloni, na kuna familia zilifukuzwa kwao na vurugu za uchaguzi 2008 na hazijawahi kurudi. Hao ukiwaambia pelekeni watoto nyumbani unawaumiza bure.

Baba wa tableti, ngano za sungura na fisi ni nzuri, wangu pia wanaangalia, na ukimwekea mtoto hadithi ya Syokimau hujakosea. Watoto wanapanda treni pale stesheni ya Syokimau tangu ifunguliwe 2012 na hawajui ni jina la nabii wa Kikamba, yule anasimuliwa kwamba alitabiri nyoka mrefu atakuja kutoka baharini, na watu wa rangi nyingine wakiwa na moto mfukoni, reli na kiberiti. Programu inaweza kusimulia hayo vizuri kuliko mimi. Swali langu kwako, nani atamwambia mtoto wako jina lake limetoka wapi? Kwetu Kyalo amezaliwa safarini, Mutuku usiku, Mumbua wakati wa mvua, Wayua wakati wa njaa. Sasa kuwa na jina la njaa bila kujua ni njaa gani, nani alikufa, mama yako alikula nini, hiyo katuni haijui. Mama yangu anazo hadithi za ile njaa ya mwanzo wa miaka ya 80, wazee wanaiita Nikwa Ngwete, yaani nakufa nikiwa nimeshika, pesa iko mkononi na chakula cha kununua hakuna. Mtoto wa Nairobi anaona duka kila kona, hiyo ya kufa na pesa mkononi lazima asimuliwe na mtu anayemwamini.

Mzee wetu, wewe ndiye uko na hoja nzito na nakuomba radhi kwa vile grupu ilikujibu. Hayo unayoogopa yametupata. Mama alisimulia hiyo Nikwa Ngwete, jamaa yetu mmoja akarekodi bila kumwambia, akaikata ikawa klipu ya sekunde arobaini akairusha mtandaoni. Watu hawakusikiliza njaa, walicheka meno yake na Kiswahili chake. Kanisani mtu akamwonyesha. Mwaka mmoja na nusu mama hakutaka kuona simu imeelekezwa kwake, hata picha ya krismasi alikataa. Kwa hivyo nikisema rekodi ibaki nyumbani si nadharia. Na hata sheria iko, katiba kifungu cha 31 kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mzazi akubali kabla data ya mtoto ishughulikiwe. Shule ikisema video iwekwe kwa grupu ya wazazi sitini, na kila mmoja anaweza kuifowadi, hapo hakuna mtu ameulizwa, si mzee si mtoto.

Kwa mwalimu pendekezo langu ni rahisi. Mtoto ampigie mzee simu aulize maswali yake mwenyewe, halafu darasani asimame asimulie kwa mdomo wake. Alama zitoke hapo. Hakuna video inatumwa, asiye na bando hapotezi marks, na mtoto analazimika kushika hadithi kichwani, vile tu mama yangu alishika wale ng'ombe. Huu mtaala mpya tangu uanze 2019 unasema gredi za chini zifundishwe lugha ya mama ya eneo, lakini darasa la Umoja lina makabila kumi, mwalimu atafundisha gani? Hiyo kazi imebaki kwetu, tusimwachie yeye.

Kitu kidogo kwa wenye wanataka kurekodi. Kwa hadithi chukua sauti tu. Nusu saa ya sauti inaingia kwa MB 30 hivi, video ni GB kadhaa na simu inajaa mzee akiwa katikati ya maneno, halafu akiona kamera anabadilika kama mama alivyobadilika. Video iweke kwa kazi ya mikono. Mama akianza kyondo, kikapu chetu cha kusuka, ile kuanza kitako chake, vidole vinaenda mbio siwezi kueleza, na ile kusokota katani kwa paja, hapo binti yangu ameangalia video pole pole, amerudisha nyuma mara ishirini, na ameweza kuanza mzunguko wa kwanza. Hapo mama ana kwa ana alikuwa amechoka kumrudia. Na tafadhali weka nakala mahali pawili. Rekodi ya baba yangu, ya pekee, ilienda na simu niliyoporwa pale Muthurwa, na baba hayuko tena.

*

Nimerudi baada ya kusoma majibu yenu, asanteni kwa wote hata walionifokea.

Dada aliyeandika kwamba mtoto wake hajui upande wa baba na hiyo kazi ya shule ilimfanya alie chooni, hapo nimenyamaza kabisa, sikuwa nimefikiria. Nakubaliana na wewe, kazi iseme mtu mzima yeyote aliyemlea ama jirani anayemheshimu, isilazimishe babu na nyanya.

Kijana aliyesema siku hizi kompyuta inaweza kuiga sauti ya mzee ikaendelea kusimulia hata akishaenda, ndugu yangu, hapo mimi nakataa. Mama alisahau ng'ombe wa tano. Ile kusahau, ile sufuria, ile kurudi, ndiyo binti yangu anaigiza kila siku akisimulia wenzake. Mashine ingetaja saba mfululizo, na ikikosa moja ingeweza kuweka jina lolote na hakuna mtu nyumbani kwangu angejua limetungwa.

Lakini kuna mmoja ameniuliza kitu sijaweza kujibu na nakiacha kwenu. Mke wangu ni wa Siaya. Mama yake pia yuko, naye ana hadithi zake kwa Kijaluo, na mimi Kijaluo sijui zaidi ya salamu. Nikiwa hapo kwa meza natafsiri Kikamba cha mama mtoto anacheka kwa wakati unaofaa, lakini mke wangu akisafiri, hizo simu za upande wa dani (ndiyo nyanya kwa Kijaluo) hazipigwi, na tangu Jumanne binti yangu amemuuliza susu maswali kumi na moja na upande ule bado hajauliza hata moja. Wenye nyumba za lugha mbili, nyinyi mnafanyaje?