Usiku wa Italia, wa Meksiko au wa Thailand: upi hauumizi mfuko ukialika watu nyumbani?

Zamu_Yangu
Wakuu habari zenu. Sisi na marafiki tuna utaratibu wetu, kila mwezi nyumba moja inaalika wengine chakula cha usiku, ila sio kula tu, unachagua nchi unapika vya huko, unaweka muziki wa huko, ukipenda na nguo. Mwezi huu zamu imetuangukia sisi na mfuko umetoboka kabisa. Nimebakiwa na machaguo matatu: Italia (piza au tambi), Meksiko (taco, vile vichapati vya kukunja na vitu ndani), Thailand (kuku wa mishikaki na sosi ya karanga, wali pembeni). Upi nafuu lakini watu wasitoke wanasema tumebania? Natanguliza shukrani.

Kijiko_Kimoja
Mkuu mbona umeficha kila kitu. Watu wangapi? Oveni ipo au unapikia jiko la plate mbili? Kuna asiyekula nyama, asiyekula nguruwe, mwenye mzio wa chochote? Bila hayo hapa tutapiga ramli tu.

Mzee_wa_Tambi
Ramli ya nini, jibu ni Italia. Tambi kavu gramu 100 kwa kichwa, kilo moja watu 10 wameshiba, nyanya za kopo, kitunguu saumu, mafuta, umemaliza. Mimi kila zamu yangu ni hiyo na hakuna aliyewahi kulalamika.

Bi_Moshi
Tambi sawa ila piza USITHUBUTU. Ngoja nikusimulie mwenzio yaliyonikuta. Nilialika watu, na mimi tukawa tisa, nikajidanganya kwamba piza ni unga, maji, chumvi na hamira basi hakuna cha rahisi kuliko hicho. Unga nikaukanda siku moja kabla nikauacha kwenye friji, kesho yake umeumuka vizuri mpaka nikaupiga picha. Kilichonimaliza ni oveni jamani. Oveni yangu inaingia trei moja, ukiikaza mwisho inafika nyuzi 250, piza moja dakika 10 mpaka 12, na kila ukifungua mlango joto linashuka unaanza kusubiri tena. Sasa piga hesabu mara tisa! Wa kwanza kala saa mbili, wa mwisho kala saa nne inakaribia, na yule wa kwanza saa hiyo njaa imeshamrudia anachungulia sahani ya jirani. Ya nne ndio ilikuwa balaa, unga umekaa nje umelegea umenata kwenye ubao, mimi nausukuma kwa nguvu uingie kwenye trei, ukajikunja kama soksi, nyanya na jibini yote ikamwagikia chini ya oveni, moshi, kengele ya moshi inalia, mgeni mmoja kapanda kiti anaipepea na kile kitambaa cha meza cha vyumba vyekundu na vyeupe nilichonunua maalumu ili paonekane Italia. Usiku mzima nilikuwa jikoni nasikia wenzangu wanacheka sebuleni. Na bei rahisi yenyewe sikuiona, jibini peke yake ilikula hela kuliko vingine vyote pamoja.

Mzee_wa_Tambi
Pole dada, nimecheka ila pole. Ndio maana nikasema tambi.

Kijiko_Kimoja
@Mzee_wa_Tambi tambi nazo usizifanye malaika. Kilo moja wanasema iogelee kwenye lita kama 10 za maji, hiyo sufuria nani anayo nyumbani? Na mpaka ichemke wageni wameshaanza kuagana. Ukigawa sufuria mbili, moja inaiva mapema inakungoja mpaka inakuwa uji. Kwa watu wengi bora lasanya, zile tambi pana za kupanga tabaka tabaka na sosi, unaipanga jana yake, siku yenyewe unasukumia kwenye oveni unaenda kukaa na watu.

Pilipili_Manga
Au carbonara, tambi za mayai, ya haraka mno, krimu kidogo, mayai, nyama ya kukaanga

Mzee_wa_Tambi
Krimu??? Carbonara haina krimu. Ni mayai, jibini, nyama ya shavu la nguruwe na pilipili manga, utelezi unatoka kwenye mayai na yale maji ya tambi. Usituletee krimu hapa.

Pilipili_Manga
Mzee tulia, mimi napikia marafiki sio wakaguzi. Krimu inaokoa mayai yasigande. Halafu wewe unayelinda asili, hiyo nyanya yako ya kopo imetoka Amerika, Italia imeijua karne ya 16. Mbona hilo hulalamikii?

Mzee_wa_Tambi
Miaka mia nne na zaidi imetosha kupata uraia. Krimu bado.

Zamu_Yangu
Samahani wakuu nilibanwa na kazi. Watu 10 pamoja na sisi wawili. Oveni ipo, ndogo. Bajeti isizidi ile ambayo sisi wawili tungekula mgahawani jioni moja. Mmoja hali nyama. Ah na kuna mmoja ana mzio wa karanga, mkali, anatembea na sindano yake.

Kijiko_Kimoja
KARANGA? Na wewe umeandika sosi ya karanga kwa herufi zako mwenyewe hapo juu?

Zamu_Yangu
Nilifikiri yeye nitampikia pembeni

Kijiko_Kimoja
Mkuu pembeni wapi, jiko si moja, mwiko si mmoja? Thailand ifute leo hii.

Shosti_wa_Taco
Haya sasa mnisikilize mimi. Meksiko. Maharage makavu ndio rafiki wa mfuko uliotoboka, na asiyekula nyama kashatatuliwa hapo hapo. Yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, weka mapya, na kama ni yale mekundu makubwa yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili ndio upunguze moto, yana sumu yake yakiiva kwa moto wa polepole tu, watu wanatapika wanasingizia pilipili. Nyama weka kidogo bakuli la pembeni. Kila mtu anajijazia mwenyewe, wewe hupakui. Tortila, yaani vile vichapati vya taco, kanda za unga wa ngano, maji ya moto, mafuta, chumvi. Za mahindi achana nazo, unga wa mahindi wa kawaida haushikani, wenzetu mahindi wanayachemsha kwanza na chokaa ndio wanasaga. Na parachichi usiendekeze, ndio mtego wa bajeti.

Bi_Moshi
Tortila 30 unasukuma na kuchoma moja moja shosti, hiyo si piza yangu ile ile imebadili jina?

Shosti_wa_Taco
Dakika moja kila upande, na unachoma mchana unazifunga kwenye kitambaa. Usifananishe.

Pilipili_Manga
Kwani kila mgeni akileta kitu kimoja shida nini? Mwenye nyumba apike kikuu tu

Bi_Moshi
Tulijaribu. Watu sita wakaleta soda.

Mzee_wa_Tambi
Ndio ugawe majukumu kwa majina, sio kusema "leteni chochote". Na mwenye kuleta bakuli aondoke nalo, mimi kabatini nina mabakuli manne ya watu nisiowakumbuka.

Zamu_Yangu
Asanteni sana, Thailand nimeitoa. Nilishaelekea Meksiko ila nimemsomea mwenzangu uzi huu kaipenda lasanya, halafu dakika hii anauliza kwa nini tusifanye Ugiriki.

Kijiko_Kimoja
Kabla ya Ugiriki, viti vipo vingapi?

Zamu_Yangu
Sita. Kimoja kina mguu mbovu.