Ini la mdogo wangu limeshindwa kufanya kazi baada ya kuzidisha parasetamoli: tutarajie nini?

Dada Mkubwa

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri wa wenye ujuzi, au wa yeyote aliyewahi kuuguza mgonjwa wa namna hii. Mdogo wangu wa kiume, ambaye hakuwa na maradhi yoyote tunayoyajua, alisumbuliwa na jino kwa siku kadhaa. Maumivu yalipomnyima usingizi akawa anameza parasetamoli kila yanapomzidi, akaongeza dawa ya mafua na vidonge vingine vya mchanganyiko, na hospitalini ndipo tukaelezwa kwamba vyote vitatu vilikuwa na parasetamoli ndani yake. Alianza kutapika, tukadhani ni tumbo kwa kuwa hakuwa akila vizuri. Kisha macho yakawa ya manjano, na akawa anajibu maswali kwa kuchanganya mambo. Sasa yuko chumba cha wagonjwa mahututi, na ametundikiwa dripu ya dawa iitwayo asetilisisteini.

Leo asubuhi tumeambiwa kwamba kimeng'enya cha ini kiitwacho ALT, kilichokuwa juu ya 9,000, kimeshuka hadi kama 4,000. Familia nzima imefurahi, lakini daktari aliyetupa majibu hakuonekana kufurahi nasi. Alisema tu tusubiri vipimo vingine. Je, watu hupona hali hii? Ni lazima apandikizwe ini? Na akipona, ataishi na ugonjwa wa ini siku zote?

Mzee wa Kivulini

Pole sana, binti yangu. Mungu amjalie nafuu. Kuna mizizi ya kusafisha ini ambayo wengi huitumia. Labda mngempelekea kidogo kidogo wakati dripu ikiendelea.

Muuguzi wa Zamu

Mzee wangu, shikamoo. Najua umesema kwa nia njema, lakini namsihi dada asifanye hivyo hata kidogo. Ini lililojeruhiwa haliwezi kubebeshwa kitu cha ziada, baadhi ya dawa za mitishamba zenyewe hudhuru ini, na mgonjwa ambaye fahamu zake zimeyumba anaweza kupaliwa na kinywaji kikaingia mapafuni.

Dada, kusanya maboksi na karatasi za dawa zote alizomeza uzipeleke wodini, pamoja na makadirio ya siku na saa alizozimeza. Chati ambayo madaktari hulinganisha nayo kiwango cha parasetamoli katika damu ilitengenezwa kwa aliyemeza dozi moja kwa wakati mmoja unaojulikana. Kwa aliyezidisha siku baada ya siku, kiwango kinaweza kuonekana kidogo, au kisionekane kabisa, ilhali ini tayari limeumia. Kwa hiyo maelezo yenu yana uzito mkubwa.

Jambo jingine: akizinduka, huenda akaulizwa faraghani kama alikuwa na msongo uliomfanya ameze vidonge kwa kusudi la kujidhuru. Msilichukulie kama shutuma. Ni swali la kawaida katika matibabu haya, na akiwa na la kusema, ni vema amwambie mtu anayeweza kumsaidia.

Kwa wengine mnaosoma: kiwango cha juu kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu 4 kwa saa 24, ukijumlisha dawa zote zenye parasetamoli, na kwa mwenye uzito mdogo, asiyekula au anywaye pombe sana, kiwango salama huwa chini ya hapo. Aliyezidisha aende hospitali hata kama hajisikii vibaya, kwa sababu siku ya kwanza dalili zinaweza zisionekane kabisa.

Tabibu wa Ndani

Dada, pole kwa kuuguza. Mimi ni daktari wa magonjwa ya ndani. Simwoni mgonjwa wako, kwa hiyo nitaeleza jinsi hali hii inavyokwenda, na maamuzi yabaki kwa wanaomtibu.

Sehemu kubwa ya parasetamoli hubadilishwa na ini ikatoka kwa mkojo bila madhara. Sehemu ndogo hugeuka kuwa sumu iitwayo NAPQI, ambayo ini huizima kwa kutumia akiba yake ya glutathioni, kemikali ya kujikinga. Akiba hiyo ikiisha, sumu huua seli za ini zenyewe. Asetilisisteini hurudisha akiba hiyo. Hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu mtu ameze, lakini hata ini likiwa limekwisha kushindwa bado hupunguza vifo, ndiyo maana hawajaiondoa.

Sasa nieleze kwa nini mwenzangu hakushangilia. ALT hutoka katika seli zilizopasuka. Haielezi seli zilizobaki zinafanya kazi kiasi gani. Inaweza kushuka kwa sababu uharibifu umekoma, au kwa sababu hakuna seli nyingi zilizobaki za kupasuka. Kinachotenganisha mambo hayo mawili ni kipimo cha kuganda kwa damu, INR; ikiwa juu, damu inachelewa kuganda. Ini ndilo linalotengeneza protini za kugandisha damu, na baadhi ya protini hizo hudumu kwa saa chache tu. Hivyo INR ikianza kushuka yenyewe, bila mgonjwa kuongezewa plazma (majimaji ya damu yenye protini hizo), hapo mna sababu ya kufurahi. Ulizieni pia laktati (asidi inayojikusanya mwili unapoelemewa), kreatinini (taka ambayo figo huitoa katika damu), sukari na hali ya fahamu.

Kuhusu kupona, katika takwimu za Marekani takriban theluthi mbili ya wagonjwa ambao ini lao limeshindwa ghafla kwa sababu ya parasetamoli huishi bila kupandikizwa. Ni matokeo bora kuliko ya wanaoumizwa ini na dawa nyingine nyingi. Kwa kawaida uharibifu hufikia kilele kati ya siku ya 3 na ya 4 tangu sumu kuingia, ingawa kwa aliyemeza kwa siku kadhaa hesabu hiyo haiko wazi, na wagonjwa wa aina hiyo huwa na hatari zaidi kwa kuwa mara nyingi hufika wamechelewa.

Upandikizaji si lazima kwa kila mmoja. Vigezo vinavyotumika sana vilichapishwa mwaka 1989 na madaktari wa King's College Hospital ya London: ama pH (kipimo cha asidi) ya damu ya ateri ibaki chini ya 7.3 hata baada ya mgonjwa kuongezewa maji, ama yakutane mambo matatu, yaani INR zaidi ya 6.5, kreatinini zaidi ya mikromoli 300 kwa lita, na ubongo kuathirika kwa daraja la 3 au la 4, yaani kuchanganyikiwa sana hadi kupoteza fahamu. Anayefikia hapo yuko katika hatari kubwa bila ini jipya. Wasiofikia husubiriwa, kwa maana aliyepandikizwa hutumia dawa za kuzuia mwili kulikataa ini hilo maisha yake yote, na si haki kumtwisha mtu mzigo huo ikiwa ini lake mwenyewe lingerudi. Hata hivyo, ulizeni leo kama wamekwisha kuwasiliana na kituo cha upandikizaji, kwa sababu kumsafirisha mgonjwa ambaye ubongo wake umeanza kuvimba ni hatari.

Swali lako la mwisho ndilo lenye jibu jepesi. Ini likirudi, kwa kawaida hurudi zima, bila kuacha makovu ya ugonjwa sugu.

Baba Wawili

Mke wangu alipitia haya na yuko hai. Ili kupima kama ubongo umeathirika, muuguzi alikuwa akimwambia anyooshe mikono na kuinua viganja kama anayesimamisha gari, na viganja vilikuwa vikidondoka na kuinuka bila yeye kutaka. Siku vilipotulia, aliniita kwa jina. Baada ya kuruhusiwa alichoka haraka kwa muda mrefu, na alikuwa akisahau vitu vidogo, lakini vipimo vya ini vilirudi kawaida.

Dada Mkubwa

Nawashukuru sana. INR ilikuwa 5.8, leo ni 3.9, na wamethibitisha kwamba hakupewa plazma. Laktati nayo inashuka. Lakini mkojo umepungua mno, na wanataka kumweka kwenye mashine ya kusafisha damu. Je, anarudi nyuma?

Tabibu wa Ndani

Hapana, dada, si lazima iwe hivyo. Sumu hiyohiyo huumiza figo, na kreatinini inaweza kuendelea kupanda hata ini linapokuwa limegeuka kuelekea nafuu. Mashine humsaidia wakati figo zinapumzika, na kwa wengi figo hurudi ndani ya siku au wiki kadhaa. Macho pia yatachelewa kusafika, kwa kuwa bilirubini, ile rangi ya manjano iliyo katika damu, huchukua muda mrefu kushuka. Msiwe na hofu kwa rangi hiyo pekee. Fuatilieni INR, na jinsi anavyowaitikia mnapomwita.