Nimeombwa nibadilishe muhtasari wa kikao cha kamati, nami ninaona muhali

Karani wa Kamati, Pemba

Assalaam alaykum wakubwa zangu. Ninafanya kazi katika baraza moja la mji hapa Pemba, ambalo sitalitaja, na miongoni mwa kazi zangu ni kuandika mihutasari ya vikao vya kamati za madiwani. Mwezi uliopita kamati ilijadili ombi la kuhamisha meza moja ya samaki sokoni kutoka kwa mzee ambaye hawezi tena kazi kwenda kwa kijana ambaye, kwa habari zilizoenea, ameshamlipa mzee huyo kilemba, yaani fedha ya kuachiwa meza. Wajumbe walivutana sana. Mmoja akauliza kwa nini wasifikiriwe kwanza waombaji waliojiandikisha zamani, na mwisho mwenyekiti akaliahirisha suala hilo mpaka ofisi ilete orodha ya waombaji. Hivyo ndivyo nilivyoandika.

Juzi, baada ya sala ya Isha, diwani mmoja alinifuata nyumbani akaniambia kuwa nimekosea, kwamba kamati ilikuwa imekubali, na kwamba niirekebishe aya hiyo kabla rasimu haijasambazwa. Hakunitisha wala hakuniahidi kitu. Alikaa barazani akanywa kahawa na baba yangu, na uzito wangu uko hapo hapo: ni mtu wa mtaani kwetu, ndiye aliyesimamia maziko ya bibi yangu, na kijana anayeitaka meza ni mtoto wa dada yake. Ninaona muhali kumkatalia, lakini nilichokisikia kikaoni ninakijua. Nifanye nini?

Mstaafu wa Masijala

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Nilianza kazi za baraza enzi za Sheria Namba 4 ya 1995, nikastaafu baada ya kuja Sheria ya Serikali za Mitaa Namba 7 ya 2014, na sheria zilipobadilika jambo hili halikubadilika: kuandika rasimu ni kazi ya karani, lakini kuisahihisha ni kazi ya kamati yenyewe. Ndiyo maana kikao huanza kwa kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Mjumbe anayeona umekosea hunyanyua mkono hapo, wenzake wakamsikia, na wakimkubalia marekebisho yake huandikwa katika muhtasari wa kikao hicho cha pili. Kwa hiyo wewe humkatalii mzee wako. Unamwonesha mlango wa kupitia. Mwambie kwa adabu, tena baba yako akiwepo, maana watu wazima hawapendi kusikia "haiwezekani" lakini "mahali pake ni kikaoni" hulipokea.

Daftari la mkono uliloandikia siku ile usilichane hata karatasi moja. Kisha mwandikie mkurugenzi dokezo sabili, yaani maelezo ya ndani ya ofisi, liwe fupi, lisilomshutumu mtu, ueleze kuwa yametolewa maombi ya kubadilisha aya fulani na kwamba umeshauri yawasilishwe wakati wa kuthibitisha muhtasari. Hakikisha dokezo limeingia jaladani na limepewa folio, yaani namba yake humo jaladani. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na karani bila folio hupotea naye.

Diwani wa Zamani

Naomba niseme neno kwa upande wa pili, kwa sababu naona tunaelekea kumfanya mtu mwizi kabla hajasikilizwa. Anayevijua vikao vyetu anajua kwamba mwenyekiti akishafunga, watu hubaki wakinywa chai, na hapo ndipo maneno ya "basi tumpe kijana" husemwa na wengi wakaitikia. Si ajabu mheshimiwa huyo anaamini kwa dhati kwamba walikubaliana. Tena, katika masoko ya miji yetu midogo meza imekuwa ikirithishwa ndani ya familia miaka nenda miaka rudi, baraza likipokea ushuru wake bila ya kuuliza aliyekaa mezani ni nani, na leo ghafla tunamshangaa kijana mmoja.

Bi Sheria, Unguja

Ninamheshimu mheshimiwa, na kuhusu chai amesema kweli, lakini makubaliano ya kwenye chai si uamuzi wa kamati, hata wakiwemo wajumbe wote. Nia njema ya diwani pia haiondoi ujomba wake. Alitakiwa atangaze maslahi yake mara tu ombi liliposomwa, akae kando wenzake wajadili; kumfuata karani usiku ni kulizidisha kosa. Viongozi wana Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma Namba 4 ya 2015 na Tume yake, na mtumishi kama wewe unabanwa na Sheria ya Utumishi wa Umma Namba 2 ya 2011. Ukiibadilisha aya hiyo kwa hisani, mwenye kuulizwa kwanza utakuwa wewe, kwa kuwa mwandiko ni wako.

Kilemba nacho tusikipite. Meza ni mali ya baraza na mzee alikuwa mpangaji tu, kwa hiyo ameuza asichokimiliki, na fedha hizo hazina risiti ya baraza. Ikibainika kuwa kuna aliyepewa fungu lake ili ombi lipite, hapo ni suala la ZAECA, mamlaka ya Zanzibar ya kupambana na rushwa, nao wapo Pemba.

Kuhusu muhali, mdogo wangu, nikuulize: katika orodha ile ya waombaji, mama aliyejiandikisha na anasubiri, wewe humwonei muhali kwa sababu gani? Hakuja kunywa kahawa barazani kwenu, basi.

Karani wa Kamati, Pemba

Ninawashukuru nyote. Jana baada ya Alasiri nilimwendea mwenyewe, nikamweleza kama alivyonielekeza Mzee wa Masijala. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nimeshamwambia mtu, kisha akasema, "Haya, nitasema mwenyewe kikaoni." Hakuonesha hasira, ingawa leo msikitini salamu yake ilikuwa fupi. Rasimu nimeisambaza kama ilivyokuwa, na orodha ya waombaji nimeiambatanisha kama kamati ilivyoagiza. Limebaki moja: katika dokezo nimtaje jina?

Mstaafu wa Masijala

Andika "mjumbe mmoja wa kamati", na tarehe aliyokujia. Mkurugenzi akilihitaji jina atakuuliza. Mwombe akuulize kwa maandishi humo humo jaladani, nawe umjibu kwa maandishi.