Mdogo wangu anataka kuwa mchomeleaji: aende VETA au abaki karakana?

DadaWaNgamiani (mwanzisha mada)

Habari za wakati huu, wakuu. Naomba ushauri wa watu wanaoijua kazi ya kuchomelea vyuma kwa undani, si wa kuisikia.

Mdogo wangu wa kiume alimaliza kidato cha nne hapa Tanga, matokeo yake hayakumwezesha kuendelea na kidato cha tano, na tangu hapo anashinda kwenye karakana ya mageti na madirisha ya grili. Mwenye karakana humpa nauli na chakula, na kazi zikiwa nyingi humwongezea kidogo. Mwenyewe anasema kijana ana mkono mwepesi. Baba anataka aombe nafasi VETA, chuo cha ufundi cha serikali, mara moja. Mdogo wangu anaona kwamba kwenda chuo ni kupoteza muda kwa kuwa tayari anachomelea, na kichwani amejaza habari za bomba la mafuta linaloishia Chongoleani, ambako anaamini mchomeleaji hulipwa kwa siku chache kile ambacho fundi wa mageti hukipata kwa mwezi mzima.

Ada ya chuo nitalipa mimi, kwa hiyo nataka kuelewa ninachokilipia. Je, cheti cha VETA ndicho kinachomfungulia mtu milango ya kazi kubwa? Na je, mwaka alioutumia karakana unahesabiwa popote, au ataanza upya pamoja na watoto ambao hawajawahi kushika mashine?

FundiWaPaipu

Dada, nimefanya kazi ya kuunga mabomba na matangi kwa miaka mingi, na nitakujibu kwa namna ambayo huenda isimfurahishe baba wala kijana.

Mkandarasi wa bomba au wa matangi hamwajiri mchomeleaji kwa kutazama cheti cha chuo peke yake. Cheti humfikisha mtu getini. Akishafika, hupewa kipande cha bomba, rodi (vijiti vya kuchomelea) na utaratibu wa kuchomelea ulioandikwa, kisha huachwa achomelee huku msimamizi wa ubora akimwangalia. Mtihani unaoogopwa zaidi ni ule unaoitwa 6G, ambapo bomba hufungwa likiwa limelala kwa pembe ya nyuzi 45 na haliruhusiwi kuzungushwa, hivyo fundi hulazimika kulizunguka yeye, akichomelea chini, ubavuni na juu kwa mkono uleule. Baada ya hapo kiungo hukaguliwa kwa macho, halafu hupigwa picha ya eksirei au hukatwa vipande na kukunjwa. Kikifunguka mahali pasipotakiwa, safari imeishia hapo, hata kama mtu ana vyeti vitano.

Sasa tatizo la mageti ni hili. Skwea paipu ya geti huwa na unene wa milimita moja na nusu au mbili, na fundi huishonea juu kwa rodi ya 6013, ambayo ni nyepesi kuwasha na haimsumbui mtu. Kinachotafutwa ni mshono mzuri kwa macho, kisha grenda hupita, rangi hupakwa, mteja hulipa. Hakuna anayeuliza kama moto ulipenya hadi upande wa pili. Kwenye bomba la mafuta, upande wa pili ndio kazi yenyewe: mshono wa kwanza, ule wa ndani kabisa, lazima uyeyushe kingo zote mbili na utokeze kidogo ndani ya bomba bila kuacha mwanya wala kudondosha matone. Kijana anaweza kuchomelea mageti kwa muda mrefu na asiwahi kuuona mshono huo hata mara moja.

Mpe jaribio hili, halina gharama kubwa. Atafute vipande viwili vya bamba la milimita 10, achonge kingo zake kwa grenda ili zikikutana zifanye umbo la V lenye nyuzi kama 60, aache mwanya wa milimita 3 hivi, kisha avisimamishe wima na avichomelee kuanzia chini kwenda juu. Rodi ya milimita 2.5 kwa mshono wa kwanza inatosha, na ampea zisizidi 90. Kikipoa akate ukanda mwembamba katikati, ausage ulingane, aubane kwenye jiliwa na aukunje kwa nyundo huku upande wa ndani ukiwa nje ya mkunjo. Ataona mwenyewe mistari myeusi ya slagi (uchafu wa rodi iliyoyeyuka) iliyonaswa, vitundu vya hewa, au kingo mbili ambazo hazikuwahi kuungana ingawa juu mshono ulikuwa unang'aa. Akikunja na ukanda usipasuke, nitakubali kwamba ana mkono.

Ndiyo maana mimi naunga mkono chuo. Mkono wake wa mageti hauna thamani ndogo, lakini chuoni atachomelea mabamba mazito katika mikao yote, atashika mashine za gesi ambazo karakana nyingi za mtaani hazina, na atajifunza kusoma michoro. Fundi asiyejua kusoma mchoro hubaki kuwa mkono wa mtu mwingine siku zote.

Kuhusu Chongoleani, kijana apunguze ndoto kidogo. Bomba lile lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na kipenyo cha inchi 24, na kwenye njia kuu ya mradi wa aina hiyo sehemu kubwa ya mishono hufanywa kwa mashine zinazojiendesha. Isitoshe, ujenzi una mwisho. Fundi anayejiandaa leo ayatazame yatakayobaki: matangi, gati, matengenezo ya viwanda vya saruji hapo hapo Tanga, na meli.

KarakanaGerezani

Naheshimu maelezo ya FundiWaPaipu, ila naona anazungumza kana kwamba kila mchomeleaji lazima aishie kwenye mafuta. Nchi hii inajengwa kila siku, na kila nyumba inayofikia lenta inatafuta mtu wa grili na geti. Nina vijana waliopita kwangu hapa Gerezani ambao sasa wana karakana zao, wanasomesha watoto, na hawajawahi kuona picha ya eksirei isipokuwa hospitali. Aliyejua kupima, kukadiria vyuma bila kumpunja mteja, na kukabidhi kazi siku aliyoahidi, hakosi kula. Hayo matatu hufundishwa karakana kuliko darasani, na la tatu nadhani halifundishwi popote.

Hata hivyo, dada, kuna njia ambayo naona haijatajwa na inajibu swali lako la pili moja kwa moja. VETA wana utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Fundi aliyejifunzia mtaani hupimwa kwa kazi anayoifanya, huelekezwa pale alipopungukiwa, na akifaulu hupewa cheti kinachotambulika. Serikali, kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, imewahi kugharimia mafundi wengi kwa njia hiyo. Mafundi wangu wawili walipimwa hivyo bila kufunga kazi, na cheti hicho ndicho kilichotusaidia tulipoomba zabuni ya madawati ya halmashauri, kwa kuwa waliokuwa wanatathmini walitaka kuona mafundi wenye sifa. Tatizo ni kwamba mwaka mmoja wa kubeba vyuma na kuchomelea vipande viwili vitatu jioni huenda usitoshe. Aulize kwanza ofisi ya VETA ya hapo kabla hujalipa ada yoyote.

MsomaWaMombasa

Huku Kenya mambo yanafanana. Fundi wa jua kali anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, akaanza na daraja la tatu, akapanda hadi la pili na la kwanza, bila kulazimika kupitia chuo. Wengi wa karakana za huku Mombasa wameingia kazi za kukarabati meli kwa njia hiyo, ingawa kwenye meli bado utafanyiwa jaribio jingine na wakaguzi wa meli yenyewe, kama alivyoeleza fundi wa mabomba.

DadaWaNgamiani

Asanteni sana, nimeelewa mengi kuliko nilivyotarajia. Jana nilimsomea mdogo wangu habari ya jaribio la mabamba, akacheka, lakini leo ameondoka na vipande viwili chini ya kwapa.

Naomba niulize mengine mawili. Kuna tangazo linazunguka kwenye simu la kituo cha binafsi kinachoahidi kumfikisha mtu 6G kwa wiki mbili na kumpa cheti cha kimataifa. Je, huo ni ukweli? La pili linanisumbua zaidi: baadhi ya usiku mdogo wangu anaamka macho yamevimba, yanatoa machozi na anasema kama yametiwa mchanga. Pale karakana wanachomelea kwa miwani ya jua, na bosi wao huwanunulia maziwa kila jioni ili kuondoa sumu ya moshi.

AfyaKazini

Dada, nianze na macho kwa sababu hilo halisubiri kuomba chuo. Mwali wa kuchomelea hutoa mionzi ya urujuanimno inayounguza sehemu ya mbele ya jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, ndiyo maana humwamsha usiku badala ya kumuuma kazini. Mara nyingi hupona ndani ya siku moja au mbili akipumzisha macho gizani, lakini kuungua kunakorudiwa huharibu jicho polepole, na maumivu yakizidi siku mbili au akianza kuona ukungu aende kituo cha afya. Asitiwe kitu chochote cha kienyeji machoni, na asikubali kununua dawa ya ganzi ya matone dukani ili aendelee na kazi, kwa kuwa ganzi huficha maumivu huku jicho likizidi kuumia.

Miwani ya jua haizuii chochote cha maana, kwa sababu hata ikipunguza mwanga, uso na shingo hubaki wazi. Anahitaji kofia ya kuchomelea yenye kioo namba 10 au 11 kwa rodi za kawaida, na anayemshikia chuma naye avae. Wasaidizi ndio huumia zaidi, kwa kuwa hutazama pembeni wakidhani wapo salama.

Maziwa ni chakula kizuri na sina ugomvi nayo. Lakini maziwa huenda tumboni, na moshi huenda mapafuni. Mwaka 2017 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kinga yake ni kuchomelea mahali penye hewa inayopita, kukaa upande ambao upepo hauleti moshi usoni, na kuvaa barakoa inayochuja chembe, si kitambaa. Akichomelea mabomba ya maji yaliyopakwa zinki bila kuikwangua kwanza, jioni anaweza kupata baridi na homa ambayo nyumbani mtadhani ni malaria. Mpimeni, lakini mwambieni daktari alichokuwa anachomelea. Na jambo moja ambalo halina mjadala: asiguse tangi wala pipa lililowahi kuwa na mafuta, hata kama mwenye nalo ameapa kwamba limekauka mwaka jana.

Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Najua kijana wa nauli na chakula hawezi kumshitaki bosi wake OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, na kesho akarudi kazini, kwa hiyo ushauri wangu wa vitendo ni huu: kabla ya ada, mnunulie kofia.

FundiWaPaipu

Naunga mkono neno la kofia. Nirudi kwenye tangazo.

Mtu anayefikishwa 6G kwa wiki mbili yupo, lakini ni yule ambaye tayari anachomelea bamba wima na juu ya kichwa bila kutetereka, na anahitaji kunyoosha mkono kwenye bomba tu. Anayetoka kwenye skwea paipu hawezi. Kabla ya kulipa, mwambie akaulize kituo hicho mtihani unafuata kiwango gani, kama ni ISO 9606, ASME sehemu ya tisa au kingine; nani anayeshuhudia na kusaini; na kipande kinapimwa kwa njia gani. Wakijibu kwa kutaja jina la mgeni aliyekuja mara moja, aondoke. Aulize pia kama watampa rodi za 7018 na kama wana oveni ya kuzitunzia. Rodi hizo hufyonza unyevu, hasa kwa hali ya hewa ya pwani, na unyevu huo huingiza haidrojeni kwenye mshono, ambao unaweza kupasuka saa nyingi baada ya fundi kufunga vifaa vyake na kwenda nyumbani. Kituo kinachoanika rodi juani na kuzigawa kwenye ndoo hakina habari na kazi ya mabomba.

Jambo la mwisho ambalo matangazo hayo hayasemi ni kwamba sifa hizo huisha. Chini ya ASME, mchomeleaji asiyetumia aina ile ya uchomeleaji kwa miezi 6 hupoteza sifa yake na hulazimika kujaribiwa tena. Kwa hiyo kununua 6G leo wakati hana kazi ya bomba mkononi ni kulipia kitu kitakachooza kabatini. Pesa hiyo ni bora iende VETA mwaka wa kwanza, siku za Jumamosi na likizo aendelee kwa bosi wake, na jaribio la bomba alifanye mwishoni, pale atakapokuwa ameona tangazo la kazi lenye tarehe.

Akishakunja ule ukanda, weka picha hapa, upande wa ndani uonekane.