Mwanangu ana usaha kwenye mfupa. Dawa wiki sita kweli?

Mama Nasri: Wakuu, shikamooni. Mwanangu ana miaka 9. Aligongwa mpirani, siku ya tatu homa ikapanda, mguu hakanyagi. Picha ikaonyesha mfupa mzima, tukarudi na panadoli. Wiki ya tatu muundi umevimba, ukapasuka, usaha unatoka. Sasa daktari wa mifupa anataka kumpasua, kisha dawa wiki sita. Wifi yangu anasema mtoto karushiwa kitu, nimpeleke kwa mtaalamu. Watamkata mguu?

Fundi Geti: Pole dada. Mimi nilivunjika kwenye bodaboda, nikawekewa chuma, usaha ukaingia. Nilipangiwa wiki sita. Ya tatu kidonda kikakauka, nikajiona nimepona, vidonge nikavitupa kabatini. Baada ya miezi mitano kikaota kipele palepale kwenye kovu. Nikakiminya, ukatoka uji wa njano unaonuka. Nikarudi kupasuliwa. Daktari akanionyesha kipande walichotoa: cheupe, kikavu, kama kipande cha chaki. Akaniambia dawa husafiri na damu, na mfupa uliokufa hauna damu, kwa hiyo ningemeza hata mwaka mzima, vijidudu vingebaki humo vimejificha. Ndiyo maana wanakwangua kwanza. Mguu ninao, nachomelea mageti nimesimama kutwa.

Nesi wa Wodi 4: Mama Nasri, siku 10 hadi 14 za mwanzo picha ya kawaida inaweza isionyeshe kitu, hiyo imewaponza wengi. Omba usaha uoteshwe maabara, ijulikane dawa ipi inaua hao wadudu. Amepimwa sikoseli? Wenye sikoseli mifupa yao hushambuliwa sana. Ataanza na sindano, akitulia atapewa vidonge. Kukata mguu kwa mtoto ni nadra. Na wifi asimpake majani kwenye kidonda, tafadhali.

Mama Nasri: Sikoseli hajapimwa, kesho nawaambia. Upasuaji Alhamisi. Mwenyewe haulizi kisu wala sindano, anauliza shule zikifungua atacheza namba ngapi.

Fundi Geti: Mwambie benchi. Mfupa uliokwanguliwa ni mwepesi kuvunjika, mimi nilitembelea magongo miezi minne. Na hivyo vidonge mhesabie wewe, usimwachie yeye.