Unga wa mitishamba umemshusha mama sukari hadi 2.9, nifanye nini?

Binti wa Muheza
Habari zenu wapendwa. Naombeni msaada, hasa nyie mnaoishi na kisukari au mnaouguza.

Mama ana miaka 61, yupo Muheza, kisukari aina ya pili mwaka wa sita sasa. Siku zote alikuwa kwenye metformin, vidonge vya kushusha sukari, asubuhi na jioni. Wiki tatu nyuma shangazi alimletea unga wa kahawia kwenye kikopo cheupe. Hauna lebo, ni karatasi tu imeandikwa kwa peni "sukari, kijiko 1 x 2". Kaununua stendi, elfu arobaini na tano. Muuzaji alisema ni mlonge, uwatu na mbegu za zambarau, na vidonge mama aache kabisa maana vinaua figo. Mama akaacha. Mimi niko Dar, sikuambiwa.

Mwanzoni nyumbani walifurahi. Asubuhi kwenye mashine alikuwa anasoma 10, 11 (mmol/L), ikashuka ikawa 6. Alfajiri ya Jumapili mdogo wangu akamkuta kaketi kitandani, kanga imelowa jasho chapachapa, anatafuta ushungi ambao tayari kajitanda, akiitwa haitiki sawasawa. Mashine ikasoma 2.9. Wakamkorogea vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, baada ya robo saa akapata kauli.

Shangazi anasema hiyo ni dalili dawa inafanya kazi, wapunguze tu kijiko kiwe nusu. Sipingi mitishamba, nimekua nikinyweshwa mwarobaini. Ila mlonge na uwatu vinaweza kushusha sukari kiasi hicho? Na vidonge vinaua figo kweli?

Nesi Mstaafu
Pole sana mwanangu, na mdogo wako Mungu ambariki. Unga usimame leo hii, hata nusu kijiko asipewe. Msiutupe, nendeni nao hospitali pamoja na mama, leo, msisubiri kesho.

Uwatu unashusha sukari kidogo, kwa sababu mbegu zake zina ute unaochelewesha wanga kufyonzwa tumboni. Mlonge ni mboga nzuri, lakini haumtoi mtu kwenye 11 ukamfikisha 2.9, tena mtu ambaye hana kidonge chochote tumboni. Katika nchi kadhaa dawa "za asili" za kisukari zimepimwa maabara zikakutwa zimechanganywa na glibenclamide, kidonge cha hospitali kinacholazimisha kongosho kutoa insulini inayoshusha sukari. Unga wa mama siwezi kuuhukumu bila kupimwa, ila hicho ndicho ninachoshuku. Na ubaya wake, mtu anapewa sukari, anazinduka, halafu anashuka tena baada ya saa kadhaa. Ndiyo maana nasema leo. Akishindwa kumeza msimnyweshe kitu, mkimbizeni.

Figo zinaharibiwa na sukari yenyewe na presha. Mwenye figo zilizochoka tayari hupunguziwa au huachishwa metformin, nadhani maneno ya mtaani yalianzia hapo. Tena metformin nayo ukoo wake ni majani: Ulaya walikuwa na mmea uitwao Galega officinalis, watafiti wakaufuatilia mpaka mwaka 1957 daktari mmoja wa Ufaransa akachapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa kisukari kwa metformin. Ila kidonge unajua kina miligramu ngapi. Kijiko cha stendi nani anajua?

Kijana wa Kahama
Mbona bibi yangu alitumia shubiri tu akapona?

Nesi Mstaafu
Alipimwa kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu, au alijisikia vizuri tu? Sukari ya 12 mtu anaweza kutembea nayo bila kuumwa popote, na macho yanaharibika taratibu.

Mama Karafuu, Unguja
Mie nina sukari mwaka wa 14. Karela, lile tunda chungu la kijani, nakula kila wiki: nalikata vipande vyembamba, natia chumvi nusu saa, nakamua ule uchungu, nakaanga na kitunguu na nyanya. Nalila kama mboga, vidonge vyangu viko palepale.

Kilichonishusha sukari ni sahani, mwanangu. Nilikuwa nikinywa uji wa ulezi uliosagwa laini kabisa, natia asali, najua hiki ni chakula cha asili. Siku moja nikapima saa mbili baada ya kunywa: 15.2. Nililia. Asali ni sukari, na nafaka ikisagwa laini hivyo inapanda mbio. Siku hizi asubuhi nala muhogo wa kuchemsha kipande cha kiganja, choroko, na mchicha nusu sahani. Saa ile ile nasoma 8 na kitu. Mnunulie mama daftari, aandike alichokula na alichosoma. Mwili wake utamwambia.

Binti wa Muheza
Nimerudi. Asanteni, Nesi Mstaafu hasa. Walimpeleka jioni ileile, na usiku wodini akashuka tena hadi 3.4, wakamtundikia dripu ya glukosi. Figo zimepimwa, ziko salama, karudishiwa metformin. Daktari kamruhusu uwatu wa kwenye mchuzi kama kiungo.

Daftari nimenunua. Ukurasa wa kwanza mama kaandika mwenyewe: "Ugali wa dona ngumi moja, mlenda, dagaa. 8.9." Kikopo ninacho mimi, daktari kasema kipelekwe maabara. Shangazi bado hapokei simu yangu.